Kitanda chako ni cha juu

Mwanangu mpendwa,

Tiketi ya treni uliyonitumia nimeisoma: umepangiwa kitanda cha juu kabisa, chumba cha vitanda sita. Usihangaike kukibadilisha. Kwa safari ya kwanza ya usiku ni kitanda kizuri, ila kina masharti yake, na karibu yote unatakiwa kuyatimiza kabla taa hazijazimwa.

Kitanda cha chini mchana ni kiti cha wote. Cha katikati hukunjwa kikawa egemeo la mgongo, kwa hiyo mwenye cha chini halali mpaka wenzake wapande. Wewe utapanda saa uitakayo. Kasoro ni kwamba dari iko karibu, huwezi kuketi wima. Tena kinayumba kuliko vya chini, maana kadiri unavyokuwa juu ya reli ndivyo myumbo unavyozidi. Nakujua ulivyo kwenye basi, basi meza dawa ya kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Kikishaanza, kidonge hakikai tumboni. Na kuna suala la hewa. Behewa lisilo na kiyoyozi, joto lote hupanda kwako. Lenye kiyoyozi, baridi inaweza kukupiga usoni usiku kucha. Sweta na soksi zipande nawe.

Begi kubwa hukaa chini ya kitanda cha chini. Chukua la kitambaa, linabonyea. Sanduku gumu likizidi kimo kidogo tu haliingii, na utabaki nalo mlangoni huku watu wanataka kupita. Kisha andaa kimkoba cha kuvaa begani: maji nusu lita, tochi ndogo, simu, karatasi ya choo, tiketi, kitambulisho na pesa. Usitegemee soketi, mara nyingi iko chini karibu na dirisha na waya wa chaja haufiki juu. Pawabenki ijae kabla hujatoka nyumbani.

Panda ukiwa umeielekea ngazi, mikono yote miwili huru. Treni ikiwa inakaribia au inatoka stesheni, subiri: hapo reli zinapishana na behewa hurushwa upande bila taarifa. Ukishalala, inua ukingo wa chuma au funga mkanda wa pembeni, ule unaopachikwa darini. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni kushuka usiku, macho yamejaa usingizi na mguu unapapasa kidato gizani. Washa tochi kwanza. Geuka, uso kwenye ngazi, shuka kinyumenyume, na usiruke hata kama kimebaki kidato kimoja.

Choo, nenda kabla ya kulala, na asubuhi tangulia wengine kuamka kwa muda wa saa moja. Kwenye mabehewa ya zamani choo humwaga moja kwa moja relini, ndiyo maana mhudumu hukifunga treni inapokaribia stesheni. Ukiwa ndani tanua miguu, kunja magoti kidogo, mkono mmoja usiachie mshikio. Vaa ndala, sakafu huwa na maji.

Usingizini kitakachokushtua si mwendo, ni kusimama. Kimya ghafla, kisha kishindo: injini inaunganishwa au inabadilishwa. Hiyo ni kazi yao, wewe geuka ulale. Mpakani mwa China na Mongolia, ambako nafasi kati ya reli mbili hubadilika kutoka milimita 1435 hadi 1520, behewa zima huinuliwa kwa jeki likabadilishiwa magurudumu, abiria wakiwa ndani!

Jambo moja nisisitize. Treni nyingine hugawanywa usiku, mabehewa haya yakaenda mji huu na yale mji mwingine. Soma kibao kwenye mlango wa behewa lako, na usisinzie kwenye behewa la rafiki uliyempata njiani. Ukitaka kunyoosha miguu stesheni, muulize mhudumu ni dakika ngapi. Treni iliyochelewa hufidia muda kwa kufupisha vituo, hata zile 20 zilizoandikwa zikawa 5. Kimkoba kisikutoke begani.

Weka kengele dakika 45 kabla ya kufika. Ramani uipakue mapema: simu huonyesha ulipo hata bila mtandao, ila bati la behewa huzuia mawimbi, kwa hiyo isogeze dirishani.

Kabla ya kushuka, pitisha mkono kati ya godoro na ukuta, kuanzia kichwani hadi miguuni. Miwani na chaja hupenda kuteleza hapo. Kisha nipigie, hata kama ni alfajiri, nitakuwa macho.

Mama yako