Dira, baba

Amu (Lamu), Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, sisi hatujambo. Mama yako hajambo ila goti, na bibi yako anakuombea kila baada ya swala kwa sauti ambayo jirani wa pili anaisikia. Simu yako ya Alhamisi tuliipata. Umesema mkataba umeshatiwa sahihi na meli utaipandia Mombasa mwezi ujao. Alhamdulillahi. Ulipokata simu nilikaa barazani mpaka magharibi, sikusema na mtu.

Sasa nakuuliza tena lile nililokuuliza ukanijibu, "Baba, hayo yamepitwa na wakati." Dira ya sumaku unajua kuisoma? Ile ya kwenye skrini siisemei. Nasema dira yenyewe, kadi inayoelea kwenye bakuli, isiyotaka umeme.

Usinikasirikie. Njia umenitajia mwenyewe, Mombasa, Salalah, Jeddah, na mimi masikio ninayo. Mei 2025 meli ya makontena ilipanda mwamba karibu na Jeddah. Waliokuwa wakifuatilia safari yake walisema GPS ilikuwa imevurugwa, meli inaonekana ikirukaruka kwenye ramani mahali ambapo haikuwapo. Mwezi uliofuata meli mbili za mafuta zikagongana karibu na mlango wa bahari wa Hormuz, nako siku hizo GPS za meli nyingi zilikuwa hazisemi kweli. Hao walikuwa manahodha wenye vyeti. Wewe ni baharia wa safari ya kwanza, na mimi ndiye babako, nitalalaje?

Unasema yamepitwa. Nikwambie nililoliona kwa macho yangu. Unajua gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu kule ng'ambo lilifunguliwa Mei 2021, na tangu hapo sisi wavuvi tunapishana na milima ya chuma. Siku moja, mimi na ami yako tunarudi na mashua, meli ikawa inaingia. Boti ya rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, ikaisogelea ubavuni. Nikangoja nione lifti, au mlango utafunguka, au mashine gani sijui. Mwanangu, waliteremsha ngazi ya kamba. Kamba mbili na vipande vya mbao, sawa na ile tuliyokuwa tukiteremshia kwenye jahazi nikiwa kijana. Rubani akaishika, akangoja wimbi liipandishe boti yake, likafika juu ndipo akatia mguu. Mkono, mguu, mkono, mguu, ubavu wa chuma mrefu kuliko mnara wa msikiti wowote wa hapa. Ami yako akasema, "Kumbe!" Mimi nilikuwa nimekodoa macho tu. Meli ile ina kila kitu ndani, na mtu wa kuiingiza bandarini anapanda kwa kamba. Mlingotini palikuwa na bendera, nusu nyeupe nusu nyekundu, ya kujulisha kwamba rubani yumo. Redio wanazo na bendera hawajaiacha.

Ukipewa kazi ya kuifunga ngazi hiyo, itazame kila kidato kwa mkono wako. Usitazame kwa macho pekee. Kuna mtu atakayetundika roho yake pale.

Na nanga je? Umenihubiria sana habari za intaneti. Februari 2012 meli iliteremsha nanga nje ya Mombasa mahali pasiporuhusiwa, ikaukata waya wa intaneti wa TEAMS uliolala chini ya bahari, nchi ikakaa na intaneti ya kukokota. Nanga, baba. Kitu alichokijua babu wa babu yako.

Lakini narudi kwenye dira. Sheria yenu ya SOLAS, ile ya usalama wa baharini, yenyewe inataka meli iwe na namna ya kujua uelekeo bila kutegemea umeme, na kwa kawaida namna hiyo ni dira ya sumaku. Wamarekani, wenye setilaiti zao, chuo chao cha jeshi la maji kilikuwa kimeacha kufundisha kupima nyota za kuongozea njia, na mwaka 2015 wakalirudisha somo. Wao hawakuona haya kurudi nyuma. Wewe unaona haya ya nini?

Siku ya kwanza melini, kabla hujalala, muulize mkubwa wako kwa adabu dira ya sumaku iko wapi. Mara nyingi huwekwa juu kabisa, juu ya paa la chumba cha usukani. Utaona pande zake mbili kuna mipira ya chuma. Usiiguse. Iko pale kwa sababu chuma cha meli huivuta dira, na mipira inaivutia upande wa pili. Halafu kuna karatasi ya masahihisho, inayosema ukielekea upande huu dira inakosea digrii ngapi. Itafute, uinakili kwenye daftari lako kwa kalamu. Kwa kalamu, usiipige picha.

Na simu yako iwe mbali. Jana nimetoa dira ya babu yako kabatini, nikaipangusa vumbi, nikaiweka mezani palipotulia. Kadi ikazunguka kidogo ikatulia, Jaa, alama ya kaskazini, ikatazama kule kule ilikotazama miaka yote. Nikachukua simu yangu nikaisogeza taratibu. Haijafika hata shibiri moja, kadi ikaanza kugeuka. Nikaiondoa, ikarudi. Nikaiweka tena, ikageuka tena. Mama yako aliponikuta nimefanya hivyo mara tano au sita akanizimia taa. Kijana anayelinda usukani usiku na simu kaiweka karibu na dira anaweza kuipeleka meli asikokujua.

Ile siku tuliyopotea baharini kule Kiwayu unaijua, siisimulii. Ninaongeza neno moja tu ambalo hukulijua. Mama yako nilimwambia dira iliingia maji. Haikuingia maji. Ilikuwa hapa nyumbani, kabatini. Niliiacha kwa sababu simu ilikuwa mpya na ramani yake ilikuwa nzuri, na ami yako aliniuliza pale pale ngazini, "Dira i wapi?" nikamwambia asinicheleweshe, maji yanakupwa.

Na ulipokuwa darasa la sita ukaja na swali la nyota ya Suheli, nilikuambia nyota hazilipi karo. Wiki hii neno hilo limenirudia mara nyingi. Basi chukua kidogo sasa. Jaa, nyota ya kaskazini, hapa kwetu huioni, Amu iko kusini ya ikweta, nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Meli ikishavuka ikweta na kupanda juu, utaiona inatoka majini upande wa kaskazini, na kadiri meli inavyokwenda kaskazini itazidi kupanda. Urefu wake kutoka upeoni ndio digrii zako za kaskazini. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama digrii 10. Jeddah iko digrii 21 na ushei, kwa hiyo ukifika huko Jaa itakuwa juu ya ngumi mbili. Ijaribu usiku wa zamu, halafu linganisha na skrini. Zikiafikiana, vyema. Zisipoafikiana, kamwamshe mtu, hata akikutukana.

Hesabu unazijua kuliko mimi, na cheti chako nimekitia fremu, kiko sebuleni juu ya saa. Nilimwonyesha kila aliyeingia, hata fundi wa bomba. Nakwambia ili usidhani nakudharau.

Mambo ya nyumbani. Ile blenda uliyomletea mama yako ipo, inasaga nyanya na pilipili. Nazi hakubali. Mbuzi ya kukunia nazi bado iko pale pale jikoni, jino limeshalika, nimempelekea fundi alitie jipya. Mama yako anasema tui la blenda halina mafuta, na mimi nakula kwake kwa hiyo simbishii. Dadako anauza kofia zake za vito kwa simu sasa, wateja hadi Muscat, lakini matundu bado ni ya sindano na mkono, moja inamchukua miezi. Pesa zinaingia kwa M-Pesa, kofia inakwenda kwa kumpa mtu anayesafiri.

Birika la chooni lilikuwa na viluwiluwi vya mbu. Kumbe samaki wote wawili wanaovila walikufa wakati wa kulisafisha. Nimetia wanne wapya, maji yameshatulia. Punda ana kidonda mgongoni, kosa la yule kijana aliyembebesha mawe bila matandiko, sasa anapumzika. Tanga lina mpasuko karibu na foromali, ule mti linakofungwa. Turubai nzuri ukiiona bei nafuu Mombasa nijulishe kabla hujanunua, usitume pesa, akiba yako ikae.

Mzigo nimempa utingo wa basi la Jumatano. Mna vikoi viwili, achari ya maembe ya mama yako, na boksi la mbao lililofungwa kanga ya bibi yako. Boksi usiligeuze juu chini, na usiliweke karibu na spika za basi. Ndani ni dira ya babu yako. Melini hutaitumia kuongozea, nalijua hilo. Iweke chumbani kwako, uifungue usiku uizoee.

Ukachukue mzigo saa nne asubuhi, saa nne yetu, maana melini watakuzoesha saa nyingine. Ukishaupata nipigie, uniambie kadi inatulia wapi pale chumbani kwako Mombasa. Nitangoja karibu na simu.

Babako