Wanaosikiliza namba za masafa mafupi si majasusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwatetee watu ambao kwa miaka mingi wamekesha mbele ya redio zao wakiandika namba wasizozielewa, zile ambazo vituo vya siri huzisoma hewani na huaminika kuwa ni ujumbe kwa majasusi, na ambao sasa, hata hapa kwetu, wameanza kutazamwa kwa jicho baya. Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayesomea ufundi wa umeme, alifunga waya wa shaba wa mita kama 20 kutoka dirishani kwake hadi kwenye mwembe wa jirani, akauunganisha na redio ya marehemu babu yake, kisha akaanza kuandika katika daftari kila alichokisikia kwenye masafa mafupi. Hazikupita siku kumi akawa ameitwa kuulizwa anawasiliana na nani, kwa sababu mtu alipita chini ya dirisha lake usiku akasikia sauti ikitaja tarakimu kwa Kiingereza, tano tano, bila salamu mwanzoni wala kwaheri mwishoni. Kijana aliruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile, lakini waya umeteremshwa, redio imefungiwa kabatini, na mama yake hataki hata kuisikia ikitajwa.

Jambo hili limeniuma kwa sababu sauti hizo ninazijua. Nilifanya kazi ya simu ya upepo katika meli za mizigo tangu mwaka 1979 hadi 1998, nikipita Mombasa, Aden, Muscat na bandari nyingine za bahari yetu, na kazi ya mtu wa simu ya upepo, kabla ya kutuma chochote, ni kusikiliza. Usiku mmoja katika miaka ya 1980, tukiwa Ghuba ya Aden, nilikuwa natafuta taarifa ya hali ya hewa nikaangukia ala ikipiga kipande kifupi cha wimbo wa kijadi wa Kiingereza. Kikaisha, kikaanza tena, kikaisha, kikaanza tena, hata nikadhani ni kaseti imekwama. Kisha akaja mwanamke mwenye lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza, akataja tarakimu tano, akairudia hesabu ileile mara nyingi, na kila alipofika tarakimu ya tano aliipandisha sauti kidogo, kama mwalimu anayewasomea watoto imla. Baada ya kengele chache akasoma makundi 200 ya tarakimu tano, kila kundi mara mbili, bila kukohoa wala kukosea, na dakika 45 tangu wimbo ule uanze hewa ikawa kimya. Niliandika saa na masafa katika daftari langu binafsi, nikaweka alama ya kuuliza pembeni.

Alama ile ya kuuliza haikuondolewa na serikali yoyote. Iliondolewa na watu wa kawaida waliokuwa wakifanya kama nilivyofanya mimi, ila kwa bidii kubwa zaidi. Kituo kile walikiita Lincolnshire Poacher kwa jina la wimbo wake. Wakafuatilia mwelekeo wa mawimbi yake mpaka wakafika kwenye kambi ya jeshi la anga la Uingereza ya Akrotiri, kisiwani Saiprasi, na wengi wao wakaamini kuwa msomaji wa namba alikuwa akiwahudumia maofisa wa upelelezi wa nchi hiyo walio mbali na nyumbani. Mwaka 1993 wasikilizaji wa Uingereza waliunda jumuiya yao iliyoitwa ENIGMA, wakabuni utaratibu wa kuvipa vituo hivi vitambulisho: herufi E kwa vinavyotumia Kiingereza, G kwa Kijerumani, S kwa lugha za Kislavoni, kisha namba. Kituo nilichokisikia mimi ni E03. Jumuiya hiyo ilifungwa mwaka 2000, warithi wake wakaendeleza kazi, na utaratibu wa herufi ungali unatumika leo hii.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtu apoteze usingizi kuandika namba ambazo hata yeye hawezi kuzifumbua. Ni kweli hawezi, na ni vyema wale wanaowashuku vijana wetu wakaelewa sababu yake, maana ndiyo inayowatoa hatiani. Chukulia kwamba mtumaji ana neno ambalo limeshageuzwa kuwa tarakimu 40718. Katika kijitabu chake kuna ukurasa wenye namba zilizopangwa bila mpangilio wowote, na kundi la kwanza ni 75966. Anajumlisha tarakimu moja moja bila kubeba: 4 na 7 ni 11, anaandika 1, 0 na 5 ni 5, 7 na 9 ni 16, anaandika 6, 1 na 6 ni 7, 8 na 6 ni 14, anaandika 4. Kinachosomwa redioni ni 15674. Mpokeaji mwenye ukurasa uleule anatoa badala ya kujumlisha, anapata 40718 yake, kisha anauchoma ukurasa. Asiye na ukurasa huo anaweza kubahatisha kundi lolote la tarakimu tano, na kila bahatisho litampa jibu linaloweza kuwa kweli; Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alithibitisha kwa hesabu, katika makala iliyochapishwa mwaka 1949, kwamba fumbo la namna hii halivunjiki ikiwa ukurasa umeandaliwa kwa bahati nasibu tupu na haukutumika mara mbili. Wasovieti walilipa gharama ya kukiuka sharti hilo la pili: mwaka 1942 kurasa zao nyingi zilichapwa kwa nakala zilizorudiwa, na Wamarekani, wakishirikiana na Waingereza, waliendelea kuzifumbua baadhi ya simu zao za siri mpaka mwaka 1980. Kwa hiyo kijana mwenye redio na daftari, pasipo kile kijitabu, hana siri ya mtu yeyote mkononi. Ana tarakimu tu.

Na kwa nini majasusi watumie redio katika zama za simu za mkononi? Kwa sababu simu huacha nyayo, redio haiachi. Mawimbi mafupi hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfia, yakarudi chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka, na anayeyapokea hatumi chochote, hivyo ni vigumu mno kumtambua miongoni mwa mamilioni wenye redio kama yake. Redio yenyewe inauzwa dukani. Ana Belén Montes, mchambuzi wa idara ya upelelezi ya jeshi la Marekani, alikuwa akiipelelezea Kuba kwa kutumia redio ya Sony ya kawaida kabisa na kompyuta ndogo aliyokuwa akiingiza ndani yake namba alizozisikia. Alikamatwa tarehe 21 Septemba 2001 na akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Kesi inayonivutia zaidi ni ile ya Miami, ya Wakuba watano waliokamatwa mwaka 1998, kwa sababu huko ndiko yaliyomo ndani ya namba yalipowekwa mezani mbele ya mahakama. Wapelelezi wa Marekani walikuwa wameingia kwa siri katika nyumba ya mmoja wao na kunakili programu ya kufumbulia, na hivyo matangazo ambayo wasikilizaji walikuwa wameyazoea kwa miaka kwa neno lake la mwanzo la Kihispania, «Atención», yakasomeka. Baadhi yalikuwa maagizo mazito, yakiwemo ya kuwakataza majasusi wao wasipande ndege za kundi fulani katika siku zilizotajwa. Lakini kulikuwa na ujumbe mwingine uliokuwa ukiwapongeza wandugu wanawake kwa Siku ya Wanawake Duniani. Nilipousoma nilikumbuka usiku ule wa Ghuba ya Aden, nikajiuliza ni mara ngapi niliandika kwa hofu jambo ambalo huenda lilikuwa salamu za sikukuu. Na kabla hata ya kesi hiyo, wasikilizaji walikwishajua kituo kile ni cha nani, kwani kuna siku mafundi wake walikosea, matangazo ya Radio Havana Cuba yakasikika chini ya namba zilezile. Kosa la dakika chache linaweza kutatua fumbo la miaka, mradi awepo mtu aliyekuwa macho akasikiliza na kuandika.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuhusu kituo cha Urusi cha masafa ya kilohezi 4625, ambacho siku hizi klipu zake huzungushwa katika simu za vijana zikiambatana na maneno ya kutisha, kwamba eti mlio wake ukikoma dunia itawaka moto. Mlio huo, ambao ni kama honi ya meli iliyopata mafua, hurudiwa takriban mara 25 kwa dakika, usiku na mchana, na wasikilizaji wamekuwa nao tangu enzi za Umoja wa Kisovieti. Umewahi kukoma mara nyingi na dunia ipo. Wao waliurekodi ulipokatizwa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1997 na sauti iliyosoma jina la kituo, neno moja na namba chache. Waliurekodi mwaka 2001 sauti za watu wakizungumza zilipopenya nyuma yake, jambo lililoonyesha kuwa kipaza sauti kilikuwa kimeachwa wazi karibu na chombo kinachotoa mlio. Na kwa kulinganisha jumbe hizo mwaka hadi mwaka wameonyesha kwamba zinafuata taratibu za mawasiliano ya kawaida ya kijeshi. Uvumi huenea kwa sababu wanaousambaza hawana rekodi. Wenye rekodi ndio wanaotuliza watu.

Sasa nije kwetu. Wako watakaosema kijana akitaka kusikiliza atumie intaneti, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Twente cha Uholanzi kina kipokezi ambacho tangu mwaka 2008 mtu yeyote popote alipo anaweza kukiongoza kwa kompyuta yake. Ni kifaa kizuri, nami nakitumia, lakini kinachosikika Twente ni kile kinachotua Twente. Mawimbi mafupi huruka: yanaweza kupita juu ya vichwa vya Waholanzi yakaja kutua Pangani au Pemba, na kama hapa hakuna anayesikiliza, hakuna mwingine atakayetusikilizia. Wasikilizaji wa leo hutafuta mtambo ulipo kwa kulinganisha ishara moja inavyofika katika vipokezi mbalimbali vyenye saa zinazoongozwa na setilaiti. Wimbi husafiri kilomita 300 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo tofauti ndogo ya muda hutoa mstari katika ramani, na mistari ikikutana ndipo penye mtambo. Vipokezi hivyo vimejaa Ulaya. Katika pwani yetu ni vya kuhesabu kwa vidole.

Tena wakati ndio huu. Kizazi changu kilijifunza kutega redio kwa sababu ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ya Deutsche Welle na ya Sauti ya Amerika. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejua kwamba ukifika usiku unahama mita 19 unashuka mita 31 au 49. Mitambo iliyotuletea baadhi ya matangazo hayo imezimwa, ule wa BBC kule Shelisheli mwaka 2014 na ule wa Deutsche Welle wa Kigali mwaka 2015. Redio zenye masafa mafupi zinauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na ujuzi wa kuzitumia unazikwa pamoja na wenye nao. Anapotokea kijana wa miaka 20 anayetaka kuurithi, tunampokea kwa maswali ya polisi.

Sisemi kwamba sheria isiangaliwe. Nchi hutofautiana, Uingereza yenyewe, ambako hobi hii imestawi, ina sheria inayomzuia mtu kusikiliza ujumbe usiokusudiwa yeye bila idhini. Ndiyo maana naziomba mamlaka zetu za mawasiliano zitoe maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi, zikieleza ni kipi mwananchi mwenye kipokezi tu, asiyetuma chochote, anaruhusiwa kukisikiliza na kukiandika, ili kijana ajue mipaka yake na mjumbe wa mtaa naye ajue yake. Karatasi moja iliyobandikwa ofisi ya kata ingetosha kumwepusha yule mama na usiku aliokesha akilia.

Kwa upande wangu ninayo madaftari manne ya tangu melini na mengine mawili niliyoyaandika hapa Tanga baada ya kustaafu, kila mstari ukiwa na tarehe, saa za Greenwich, masafa, lugha na makundi ya mwanzo ya tarakimu. Katika lile la mwisho kuna kurasa za mwaka 2008, ambapo katikati ya mwaka yule mwanamke wa Akrotiri aliacha kusikika. Kwa majuma kadhaa niliendelea kuketi katika saa yake na kuandika neno «kimya» mbele ya kila tarehe. Idara ya nyaraka au chuo kitakachopenda kuyahifadhi kitayapata bure. Kwa sasa yako mezani kwangu, na kijana wa mwembe anakuja kila Jumamosi jioni kuyanakili, kwa kuwa redio yangu haijafungiwa kabatini na waya wangu ungali juu.

Wako,
Mtu wa simu ya upepo, mstaafu,
Raskazone, Tanga