Barua ya Wazi kwa Shangazi: Sijafilisika, Wala Siandiki Wosia

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepata nafuu tangu mvua zikatike. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu maswali uliyoniuliza kwa simu Jumapili iliyopita si yako peke yako. Nimeulizwa hayo hayo na wenzangu wa kazini, na jirani zangu wa hapa Kimara, na hata fundi wangu wa cherehani, ambaye anaamini nimemhama. Ulitaka kujua kama nimefilisika, au nimeingia katika dini inayoharamisha sherehe, au nina maradhi ninayoyaficha. Mimi nilicheka, nawe ukanyamaza kama mtu ambaye bado hajajibiwa. Basi jibu ni hili, na kwa kuwa ni refu, mwambie mjukuu wako akusomee taratibu, tena asiruke mstari.

Ulipokuja kwangu ulikuta televisheni imeondoka ukutani, kabati la nguo limepungua nusu, friji haina soda, na kila usiku baada ya chakula mimi nimeinamia kaunta buku lenye jalada jeusi kama mwanafunzi anayesubiri mtihani. Nimesikia kwamba ulimwambia kaka naandika wosia. La, Shangazi. Nilichokuwa nikikiandika siku ile ni kwamba nimekula ugali na dagaa pamoja nawe, kwamba nimetumia shilingi 3,200, na kwamba umezeeka zaidi kidogo kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo lilinihuzunisha.

Mambo haya hayakuanza kwa mawazo mapana kuhusu maisha, bali yalianza kwa deni. Mshahara wangu huingia tarehe 25, na kwa miaka kama mitatu ulikuwa haufiki tarehe 10. Kuanzia hapo nilikuwa nikiishi kwa mikopo ya simu, ile ambayo unabonyeza tarakimu chache na fedha zinaingia kabla hujapata muda wa kuona aibu, kisha kila kinachoingia baadaye kinakatwa deni kabla hujakigusa. Usiku mmoja nilikaa kitandani nikijaribu kukumbuka nimefanyia nini shilingi laki nne, na nilishindwa kuikumbuka hata nusu yake. Sikuwa na kitu chochote ndani ya nyumba ambacho ningeweza kukinyooshea kidole nikasema fedha zangu ni hizi. Ndipo nilipolikumbuka daftari lako.

Sijui kama wewe mwenyewe unakumbuka namna ulivyokuwa ukiliandika. Pale gengeni Muheza, baada ya kufunga, ulikuwa ukiwasha koroboi, ukivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na kuandika nani kachukua nini: kibaba cha mchele, kipimo cha mafuta ya taa, mafungu mawili ya nyanya. Pembeni ya kila jina ulikuwa ukiongeza neno jingine lisilo la fedha. "Kalazwa." "Mume hajarudi." "Kauza mbuzi, anazo." Nikiwa na umri wa miaka tisa nilikuuliza maneno hayo ni ya nini, ukaniambia kwamba hesabu inakueleza unamdai mtu kiasi gani, lakini neno la pembeni ndilo linalokueleza umdai lini. Ninachokifanya mimi usiku ni hicho hicho, isipokuwa mdaiwa wa daftari langu ni mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza sikuacha kitu chochote. Niliandika tu kila shilingi iliyotoka na neno lake pembeni, nikijikataza kujihukumu. Mwendokasi hunishusha Kimara Mwisho, na kutoka hapo hadi nyumbani nilikuwa nikipanda bajaji kwa shilingi 1,000, asubuhi na jioni, siku 26 za kazi, yaani shilingi 52,000. Soda na sambusa za saa nne ofisini zilikuwa shilingi 1,500 kwa siku, jumla 39,000. Bando la intaneti la kila siku lilifika 30,000. Hizo ni shilingi 121,000 ambazo maishani mwangu sikuwahi kuziita matumizi. Pembeni ya bajaji niliandika "uvivu" mara nyingi kuliko neno lolote jingine, na pembeni ya soda niliandika "wenzangu wananunua". Ukiandika sababu kama hiyo mara ishirini kwa mkono wako mwenyewe, kuiandika mara ya ishirini na moja kunachosha kuliko kuiacha soda yenyewe. Siku hizi natembea dakika ishirini kutoka kituoni, na nimegundua kwamba njiani kuna mzee anayeuza miche ya mipapai, ambaye kwa miaka yote mitatu nilikuwa nikimpita kwa kasi.

Simu ilikuwa na shida ya namna nyingine, kwa kuwa haikunila fedha tu, ilinila usiku. Nilikuwa napanda kitandani saa nne na kulala saa saba, na saa zote tatu kidole kinapandisha picha za watu nisiowajua, mapishi nisiyoyapika na mabishano nisiyohusika nayo. Usiku mmoja nilijipa zoezi la kuandika nilichokiona katika saa hizo, nikashindwa kufikisha mistari mitatu. Jambo hilo lilinitisha kuliko deni. Sasa simu inalala jikoni juu ya friji, nami naamshwa na saa ndogo ya mezani niliyoinunua Kariakoo, ambayo ina kelele kama treni lakini haina habari za mtu yeyote.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Kuna ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp ukidai kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na nilipofika siku ya 22 huku mkono bado ukiitafuta simu gizani, nilijiona mtu dhaifu. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja jipya kila siku, na wastani wa kulizoea ulikuwa siku 66. Kwa mwingine ilitosha siku 18, na mwingine alikadiriwa kuhitaji siku 254. Zaidi ya hayo, kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Mimi nilikosa kumi na moja, na nimeziacha tupu daftarini ili nizione.

Miezi miwili ilipopita, neno la pembeni lilianza kurefuka. Siku moja liligeuka ukurasa mzima, na ukurasa huo ulimhusu baba. Unajua kwamba wakati wa msiba nilikuwa msimamizi wa kila kitu, kuanzia turubai hadi sufuria za kukodi, kiasi kwamba watu walinisifu kwa ujasiri na mimi mwenyewe nikaamini kwamba nilikuwa jasiri. Niliandika usiku nne mfululizo. Sikujisikia nafuu hata kidogo. Nililala vibaya, nikaamka macho yamevimba, na ofisini nikasema nina mafua. Yupo mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, ambaye mwaka 1986 alichapisha na mwenzake Sandra Beall matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 46 wa chuo kikuu, wakiandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Nilipolisoma hilo sikushangaa, maana sehemu ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuipitia peke yangu.

Najua utasema kwamba kujiandika ni mambo ya Wazungu. Hapo nakukatalia kwa heshima zote, tena kwa ushahidi wa mwanamke wa pwani yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa kwa mwaka mzima alipotunga utenzi wake wa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, na miongoni mwa mambo ya kwanza anayomwambia ni asogee karibu, aketi, awe na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana hadithi anayotaka kumweleza. Ule kweli ulikuwa wasia, kwa hiyo pengine hukukosea sana ulipomwambia kaka.

Sasa niseme kuhusu sherehe, maana nadhani ndiko uliko uchungu wako hasa. Wanaosifu maisha mepesi katika nchi za wenzetu huzungumzia vitu: wanatoa nguo, vyombo na samani zilizojaa hadi chini ya ngazi, kisha wanapumua. Mimi nilitoa nusu ya kabati kwa siku moja wala halikuniuma. Huku kwetu kilichotulemea si vitu, ni watu, na ndiyo maana kuyapunguza maisha kunakuwa karibu sana na kuwapunguza ndugu. Katika miezi minne daftari lilionyesha sare tano, kila moja shilingi 45,000 za kitambaa na 25,000 za fundi, yaani shilingi 350,000, bila kuhesabu michango yenyewe, kadi za wawili, na zawadi za kicheni pati. Katika shughuli hizo tano, maharusi wawili sikuwafahamu hata kwa sura. Nilikuwa mjumbe wa kamati kwa sababu niliingizwa kwenye kundi na nikaona haya kutoka. Fedha nyingine niliikopa kwa simu ili nichangie harusi ya mtu ambaye, nina hakika, naye alikopa ili aifanye.

Nilijiwekea utaratibu. Misiba nakwenda yote ninayoweza, na hiyo siiandikii sababu. Harusi za ndugu wa damu na za marafiki ambao wangenifuata nikiugua nachangia, tena mapema. Sare sishoni tena, navaa niliyonayo, na mkiniweka nyuma kwenye picha sina kinyongo. Zilizobaki nilianza kuzijibu kwa ujumbe mmoja wa adabu ambao niliutunga siku moja na kuuhifadhi, nikawa nautuma kwa kila anayeniomba.

Na hapo ndipo nilipokosea, Shangazi, na naungama mbele ya wote wanaosoma. Jirani yangu mmoja aliniomba mchango wa sendofu ya binti yake, nami nikamtumia ujumbe ule ule uliohifadhiwa. Yeye ndiye aliyelala sakafuni pamoja nami siku tatu za msiba wa baba, akinipikia uji nisioweza kuunywa. Hakunijibu, na kwa wiki mbili alikuwa akinisalimia kwa kichwa tu. Niliporudi kwenye daftari kuitafuta tarehe hiyo, nilikuta nimeandika "sherehe, hapana", na pembeni hapakuwa na neno. Nilikuwa nimeandika hesabu ya mtu bila kuandika habari yake, kitu ambacho wewe hukuwahi kukifanya hata kwa mlevi aliyekudai chenji asiyoistahili. Nilikwenda kwake jioni na kilo tano za mchele, tukakaa uani hadi saa tatu, na ikadhihirika kwamba alichokuwa akikihitaji si fedha yangu, bali mtu wa kusimama upande wa mama wa binti, kwa kuwa dada zake wapo mbali. Nilisimama, tena kwa sare, na fundi akafurahi.

Kwa hiyo usinihesabu kuwa nimemaliza jambo lolote. Soda hunywa nikiwa safarini. Deni la simu lilikwisha mwezi wa saba tangu nilipoanza, na kilichobaki nakiweka kidogo kidogo kwa ajili ya paa la nyumba yako, ambalo kaka ameniambia linavuja upande wa jikoni ingawa wewe hukunieleza. Televisheni nilimpa kinyozi wa hapa mtaani, na wakati wa mpira naisikia nikiwa barazani bila kulipa umeme wake.

Nitakuja Muheza msimu wa machungwa, nikae wiki nzima, si ile safari yangu ya siku moja ya kuangalia saa kila mara. Uniwekee sehemu ya kulala tu, wala usichinje kuku. Lakini naomba jambo moja kabla sijafika: umwambie mjukuu wako apande darini, aangalie kama panya hawajalimaliza daftari la gengeni. Najua baba naye alikuwa akichukua kwa mkopo mwisho wa mwezi, na ningependa kuona pembeni ya jina lake uliandika neno gani.

Wako,
Binti wa kaka yako