Tarehe ya kiyama ikipita, rudini mkaandike

Mhariri,

Septemba 2025 simu zetu zilijaa video za Joshua Mhlakela, yule Mwafrika Kusini aliyesema Yesu angekuja kulinyakua kanisa, yaani kuwachukua waumini mbinguni, tarehe 23 au 24 ya mwezi ule. Mitandaoni watu walionekana wakiaga kazi, wengine wakiuza magari. Vyombo vya habari vikaibeba habari. Tarehe 25 ikawa kicheko kutwa nzima, vikatuni vikazagaa, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Mimi nauza samani na vyombo vilivyotumika, hapa Kongowea. Kazi hii hukujulisha ya mtaani kabla hayajatangazwa, maana kila muuzaji ana namna yake. Mwenye mgonjwa hospitalini hubishania hadi shilingi ya mwisho. Siku zile za Septemba akaja mama mmoja na tuktuk, kabeba cherehani ya miguu, chuma kizito cha zamani. Nilimtajia bei, akasema sawa. Fundi wa nguo gani huyo anayekubali bei ya kwanza? Nikainama kuikagua, nikakuta kitambaa cha buluu cha sare ya shule kingali kimebanwa chini ya sindano, kola imeshonwa upande mmoja tu. Nikamuuliza, "Mama, na hii sare ya nani?" Akajibu ni ya mtoto wa mteja, "lakini hataihitaji tena, kaka." Kwenye kikundi chao cha maombi walikuwa wameambiwa mwezi hauishi, na kwamba sadaka ya mwisho itolewe mapema. Sikuinunua. Akaiuza mbele kidogo, soko halikosi mnunuzi. Oktoba nilimwona akipita duka kwa duka akiulizia cherehani ya kukodi.

Hakuna mwandishi aliyekwenda kumtafuta mama yule. Aliyepokea sadaka naye sijasikia akiulizwa lolote.

Mambo haya si mageni. Wafuasi wa William Miller, mhubiri wa Marekani, walimngojea Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, na wakulima wengine wakaacha mazao yao shambani bila kuvuna. Kulikucha tarehe 23 kama kawaida. Harold Camping, mhubiri wa redio wa huko huko, alitaja 1994, ikapita. Akataja 21 Mei 2011, ikapita. Akasogeza hadi 21 Oktoba, nayo ikapita. Mstaafu mmoja wa New York alikuwa amemwaga akiba yake, zaidi ya dola 140,000, kwenye matangazo ya ile tarehe ya Mei. Camping mwenyewe mwaka uliofuata alikiri kwamba alikosea. Alikiri, ndiyo, lakini pesa za yule mzee zilikuwa zishakwenda.

Hao angalau waliamka hai. Jirani zetu wa Kanungu, Uganda, waliambiwa dunia ingekwisha 31 Desemba 1999. Januari ilipoingia, inaelezwa kuwa waumini walianza kudai mali walizokuwa wamewakabidhi viongozi wao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na watu ndani, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye mashimo. Mamia walikufa. Tazama vizuri hizo tarehe, Mhariri. Watu hawakufa siku iliyotabiriwa. Walikufa miezi miwili na nusu baadaye, wakati ambapo kwa desturi ya vyumba vya habari hadithi ile ilikuwa imeshazeeka.

Na sisi wa Pwani hatuna haja ya kuvuka mpaka kutafuta mfano. Yalipogunduliwa Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola, ya waumini wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa, miili iliyofukuliwa ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Kesi ya Paul Mackenzie na wenzake imesikizwa hapa hapa Mombasa, Mackenzie alikana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Langu ni kukumbusha yaliyotangulia. Mwaka 2017 mhubiri huyo alikuwa ameshakamatwa kwa madai ya kuwazuia watoto wasiende shule. Machi 2023 akakamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Kila mara habari ilitoka, ikasomwa, ikafungiwa maandazi. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, eneo lile lile la Chakama. Tuliambiwa haitarudia tena, jamani.

Waislamu wenzangu wasikae pembeni wakidhani haya ni ya makanisa. Nani wa umri wangu asiyeijua barua ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, aliyeota ndoto kwamba kiyama kiko mlangoni? Ilipita misikitini na madukani, imepigwa kopi hadi maandishi hayaonekani, na chini yake onyo kwamba asiyeisambaza atapatwa na msiba. Mwaka 1908 ilizagaa pwani ya kusini ya Tanganyika, hasa Lindi, na Wajerumani wakaingiwa na hofu ya uasi, maana vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vilikuwa vimezimwa. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia, aliandika waziwazi kuwa ni uzushi. Bado naletewa kwenye WhatsApp, safari hii na sauti ya kusoma.

Kwa upande wa dini hakuna utata. Qur'ani katika Suratul A'raf inasema ujuzi wa Saa hiyo uko kwa Mola peke yake. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inasema hata malaika hawaijui. Sheikh na mchungaji wakikaa baraza moja watagombana kwa mengi, si kwa hili.

Najua kuna watakaosema dawa ni kutowatangaza kabisa hawa manabii wa tarehe. Sikubaliani nao. Yule mama hakulipata neno gazetini. Alilipata kwenye kikundi chenye watu anaowaamini, na mkinyamaza ninyi, kikundi hakinyamazi. Wengine wanataka sheria ya kusajili wahubiri. Huenda ikasaidia, ila kibali ukutani hakimzuii mtu kuomba sadaka ya mwisho. Hata mzee wa mtaa anaweza kuona mengi akitaka kuona: mtoto aliyetolewa shule katikati ya muhula, mgonjwa wa sukari aliyeacha dawa, nyumba inayouzwa vyombo kwa bei ya kutupa na mwenyewe hahami.

Kwa hiyo ombi langu ni la kazi yenu. Kila mnapochapisha utabiri wenye tarehe, andikeni kwenye kalenda ya chumba cha habari wiki moja baada ya siku hiyo, na mwezi, na miezi mitatu. Rudini kwa mhubiri mumuulize alipokea nini, kutoka kwa nani, na amekirudisha? Kama amesogeza tarehe, andikeni na ile ya zamani kando yake. Waulizeni walimu wakuu nani hakurudi shuleni. Mna mwandishi anayekaa mahakamani Shakahola inapotajwa. Asubuhi moja mpandisheni matatu aje Kongowea. Nitamwonyesha wauzaji wa kuongea nao, na yule mama nitamuuliza kwanza kama yuko radhi.

Muuza samani,
Kongowea, Mombasa