Barua kwa mwanangu: tofali la kuchoma la Roskilde

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema vijana wenzako wanakucheka, eti tofali la kuchoma ni la kijijini, mjini ni bloku. Basi Jumapili nilipanda treni hapa Copenhagen nikaenda Roskilde, kwenye kanisa kuu wanamozikwa wafalme wa Denmark, na tangu mlangoni nilikuwaza wewe.

Ni tofali tupu! Jekundu, la udongo, limechomwa kama lako. Nchi hii ni tambarare, mawe mazuri ya kuchonga ni ya shida, ila udongo upo tele. Ufundi wa kuchoma matofali uliwafikia katikati ya karne ya 12, na miaka ya 1170 Askofu Absalon akaanza ujenzi. Alianza kizamani, matao ya duara na kuta nzito. Aliyempokea uaskofu, Peder Sunesen, akabadili ramani kazi ikiendelea, akataka Kigothi, mtindo wa ujenzi wa Ufaransa. (Kumbe wateja wa hivyo wapo tangu zamani.)

Kigothi chenyewe, wewe fundi utakielewa upesi. Tao lao lina ncha juu, kwa hiyo uzito unashuka zaidi kuliko kusukuma pembeni. Dari limebebwa na mbavu za matofali, yaani matao membamba, mbavu zinatua kwenye nguzo, na ukuta unapata nafasi ya madirisha marefu. Mambo hayo wenzao wa Ufaransa waliyafanya kwa mawe. Hawa wakayafanya kwa tofali na chokaa. Kufikia 1280 hivi sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Vile vilele vyembamba vya minara ni vya Mfalme Christian IV, 1635 na 1636.

Wafalme na malkia karibu 40 wamelala humo, akiwemo Malkia Margrete I. Kuna na nguzo iliyochorwa alama za urefu wa wafalme. Ya Christian wa Kwanza ni mita 2.19, lakini mifupa yake ilipopimwa ikaonekana alikuwa na 1.88 tu. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akageuka.

Haya, tanuru la mwezi huu mmelikandika udongo vizuri? Lile la mwisho moto ulivujia upande mmoja, matofali yakatoka mabichi. Nitumie picha kabla hamjaliwasha.

Mama yako