Ng'ombe aliyegoma kuingia kwenye databesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Miezi kama mitatu nyuma mlitoa somo kwenye ukurasa wa teknolojia, jinsi ya kuunganisha programu ndogo ya Python (lugha ya kuandikia programu) na databesi ya SQLite, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Somo fupi alafu kwa Kiswahili, mi nilifurahi mpaka nikaukata ule ukurasa nikamtumia mdogo wangu. Baadae kidogo msomaji wenu mmoja akajibu kwamba SQLite ni ya kuchezea tu, mtu mwenye biashara aweke seva, yaani programu ya pembeni inayowaka muda wote kuhudumia databesi. Sasa mi nina la kusema kwenu wote wawili, maana lile somo nusura litugharimu kijana wa watu.

Shemeji yangu ana duka la pembejeo na dawa za mifugo huku Misungwi. Mdogo wangu akachukua somo lenu akamtengenezea programu ya kurekodi mauzo, unaandika jina la dawa, idadi, bei, unabonyeza, inakwambia "Imehifadhiwa". Ilifanya kazi vizuri tu kwa wiki kadhaa. Na ukweli sehemu ya kwanza ya somo lenu haina shida, kweli kabisa hamna kitu rahisi kama kuunganisha SQLite, hamna seva ya kuwasha, hamna paswedi, hamna cha kudaunlodi maana Python inakuja nayo ndani tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Unaandika import sqlite3, unaita connect unaipa jina la faili mfano duka.db, basi umeshaunganisha, databesi nzima na majedwali yake yote iko kwenye faili hilo moja unaweza kulibeba kwenye flashi.

Mwisho wa mwezi shemeji akahesabu mzigo. Kuku sawa, mbuzi sawa, mbegu sawa, ila dawa za ng'ombe zimepungua kwenye shelfu na kwenye programu hazionekani kuuzwa. Mwezi wa pili hivyohivyo. Akajiuliza we mwizi gani huyu anaechagua, anaiba ya ng'ombe anaacha ya mbuzi? Akaanza kumuangalia vibaya yule kijana anaeuza dukani, wakafika mpaka kuitana kwa mjumbe, kijana analia anasema mi naandika kila kitu baba, na hela napeleka. Hela kweli ilikua inafika ila imechanganyika na za mbolea, nani atajua.

Nikaombwa mi niende nikaangalie maana ndo fundi kompyuta wa ukoo (kila ukoo una mmoja, hatulipwi). Nikakaa na kijana, nikamwambia uza mbele yangu. Akaandika "dawa ya minyoo ng'ombe", akabonyeza, ikasema imehifadhiwa. Nikafungua faili, hamna. Akaandika ya mbuzi, ipo. Ndo nikaenda kwenye kodi yenyewe (sio ile ya TRA) nikaona mistari miwili ambayo imetoka moja kwa moja kwenye gazeti lako.

Mstari wa kwanza mlifundisha kuunga sentensi ya SQL (lugha ya kuiamuru databesi) kwa alama ya kujumlisha, yaani unaandika INSERT, amri ya kuingiza, alafu unafungua alama ya kunukuu ('), unabandika jina alilotaipu mtu, unafunga alama. Sasa SQL inajua neno limeisha pale inapokuta kikoma cha juu, kile mwalimu wetu wa Kiswahili alikua anaita ritifaa. Ukimpa "dawa ya minyoo ng'ombe" yenyewe inasoma "dawa ya minyoo ng", inaona kikoma, inasema neno limekwisha, alafu inakutana na "ombe" imekaa peke yake haielewi ni nini. Nilipoutoa ule mstari wa pili unaoficha makosa, nitauelezea hapo chini, ikanionyesha kosa lenyewe, near "ombe": syntax error. Nilicheka peke yangu pale dukani, shemeji akadhani nimechanganyikiwa.

Mstari wa pili ndo mbaya zaidi, mliweka try na except alafu pass, maana yake kosa lolote likitokea nyamaza uendelee. Kwaiyo programu ikawa inakosea, inanyamaza, inasema imehifadhiwa. Mtu akidanganya hivyo kazini anafukuzwa, huku alietaka kufukuzwa ni mwingine.

Dawa yake ni ndogo sana. Sentensi unaiandika na alama ya kuuliza kila mahali pa kuweka kitu, INSERT INTO mauzo VALUES (?, ?, ?), alafu jina, idadi na bei unaipa execute, ile amri ya kuituma sentensi kwenye databesi, pembeni. Hapo SQLite inapokea jina kama jina tu, liwe na kikoma, liwe na chochote. Na ndo hiyohiyo inayozuia mtu mjanja kuandika vipande vya SQL kwenye sehemu ya jina akakufutia jedwali au akaingia bila paswedi. Vitabu vingi vinaeleza jambo hili kwa habari ya wadukuzi tu, na wanafunzi wanaona haiwahusu, nani atadukua duka la mbegu? Ila sisi Waswahili tumezungukwa, Mhariri. Mteja anatoka Nyang'hwale, mwingine Chang'ombe, Kenya huko kuna Murang'a, Zanzibar Ng'ambo, na huku Usukumani majina ya watu yenyewe ndo usiseme. Mzungu anaweza kuandika programu mwaka mzima asikutane na kikoma mpaka aje mteja mwenye jina la Kiayalandi, sisi kinatupata siku ya kwanza.

Sasa yule msomaji wa seva. Ndugu yangu, SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp ambae alikua anafanya kazi ya programu za manowari ya jeshi la wanamaji la Marekani, databesi ya mle ilikua inategemea seva, na seva ikigoma programu nayo haina kazi, akaona kwanini programu isisome faili lenyewe moja kwa moja. Leo iko ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, hata hiyo uliyoandikia barua yako. Sisi huku umeme unakatika katikati ya mauzo, na SQLite ukiwasha tena inafuta lile lililofika nusu inarudi pale ilipokua salama, mradi tu usifute kale kafaili ka pembeni kanakoishia na -journal ukidhani ni takataka. Duka lenye kaunta moja seva ya nini? Ingekua kompyuta nne zinaandika kwa pamoja kupitia mtandao hapo ningekuunga mkono, maana SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Na shida yetu hata kwenye MySQL, databesi ya seva, ingetokea vilevile, kikoma ni kikoma.

Mengine nilirekebisha nikiwa palepale. Somo halikutaja commit, amri ya kuthibitisha ulichoandika kibaki kwenye faili, mdogo wangu aliijulia mbele ya safari, bila commit unaandika siku nzima ukifunga programu yote yameyeyuka. Na lile jina la faili muwaambie watu waandike njia kamili ya foda, kwasababu ukiifungua programu kutoka sehemu nyingine na faili halipo hapo, connect hailalamiki, inakutengenezea jipya tupu na wewe unapiga kelele data zimepotea.

Ninachoomba mchape marekebisho, mistari hiyo miwili tu, palepale kwenye ukurasa wa teknolojia na si kwenye kona ya matangazo ya viwanja, maana wapo wengine waliokata ule ukurasa kama mimi.

Kijana yupo kazini, shemeji alimuomba radhi, akamuongeza na hela ya chai. Kimebaki kitu kimoja, kumbe siku zile akiwa na haraka alikua anaandika "ngombe" bila kikoma na hizo zilikua zinaingia, kwaiyo sasa kwenye databesi tuna dawa ya ngombe na dawa ya ng'ombe kama vitu viwili tofauti na hesabu zimegawanyika. Jumapili duka likifungwa naenda kuziunganisha.

Fundi kompyuta,
Misungwi, Mwanza