Mgombea binafsi: jibuni hoja, sio mtu

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako, nikizidisha we kata tu.

Juzi kijiweni kwetu kwenye kahawa ulizuka ubishi wa mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama, jamaa mmoja akakomaa eti haifai, italeta vurugu. Vurugu gani? "We subiri utaona." Sasa hilo nalo jibu jamani? Kenya katiba yao ya 2010 inaruhusu na Uganda hapo wabunge wasio na chama wamejaa tele, shida zao wanazo nyingi tu lakini nikamwambia nitajie moja iliyoletwa na mgombea binafsi, kanyamaza, kaagiza kashata.

Na kesi ya mgombea binafsi hapa Tanzania sio ya jana. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliifungua 1993, Mahakama Kuu Dodoma ikampa ushindi 1994, bunge nalo mwaka huohuo likabadili katiba mlango ukafungwa, akarudi akashinda tena 2006, serikali ikakata rufaa na 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la bunge sio la majaji, mzee hakuchoka akaenda Mahakama ya Afrika hapohapo Arusha na Juni 2013 ikasema haki yake imevunjwa. Miaka 20 hiyo!

Ukiwaambia watu hayo wanakujibu "aah Mtikila si alikuwa mropokaji". Haya, mdomo alikuwa nao na maneno yake kuhusu Wahindi mi siyaungi mkono hata kidogo, ila ibara ya 20 ya katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama halafu ibara ya 39 na ya 67 zinakwambia bila chama hugombei urais wala ubunge, huo mgongano unaondokaje kwa kumtukana aliyeuona?

Mi mwenyewe sio msafi. 2016 mikutano ya hadhara ilivyozuiwa nilishangilia, nikasema watu wakafanye kazi bwana, kumbe kisa tu waliobanwa ni chama nisichokipenda. Baadaye nikaja kujiuliza hivi wapinzani wangekuwa ikulu wakakizuia chama changu ningesema hivyohivyo? Jibu nalijua na lilinitia aibu. Katazo lilipoondolewa Januari 2023 nikaona wenzangu tulioshangilia nao zuio wanashangilia na ruhusa, sababu hawana ya kule wala ya huku.

Upande wa pili nao wasicheke. Kuna jirani yangu mpinzani wa kutupwa, kila siku uhuru wa maoni uhuru wa maoni, sasa ndio admini wa grupu letu la WhatsApp la mtaa na kila anayeisifia serikali anamtoa. Nikamuuliza kwa upole tu, kaka, ibara ya 18 kwenye grupu lako haifiki? Akanitoa na mimi.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Morogoro